Jinsi ya kumgeuza pepo wa upepo awe mhusika wa komiki, bila zile nywele za bluu

Kila wiki lazima mtu anitumie meseji na swali ni lilelile, nataka kuchora komiki ya pepo wa upepo naanzia wapi. Halafu chini yake kuna picha: msichana mrembo, nywele ndefu za bluu, gauni jeupe, na mistari imejikunja kama konokono kuzunguka mikono. Nimeziona nyingi sana na naapa ukizipanga kwa ukuta huwezi jua nani alichora gani. Jumapili iliyopita kijana mmoja alinipata soko la Kibuye nikitafuta viatu, daftari liko kwapani, akanisimamisha hapo hapo katikati ya mitumba tukaanza darasa. Ndio nikaona heri niandike mara moja, akija mwingine namtumia hii.

Mimi nachorea Kisumu kwa hivyo mifano mingi itakuwa ya huku. Mhusika wangu anaitwa Nyar Yamo, kwa Kijaluo ni binti wa upepo, na nimemtoa kwa nyawawa. Kama hukukulia kando ya Ziwa Victoria, nyawawa ni pepo ambao wazee wanasema hupita usiku kwa kundi pamoja na upepo, unasikia sauti kama watu wengi wanaongea mbali, na wakisikika tu mtaa mzima unaamka kupiga sufuria, debe, mabati, milango ya chuma, kelele mpaka wasukumwe waende ziwani. Na si ati ni mambo ya zamani, nimewahi kulala Manyatta usiku sufuria zikaanzia upande mmoja wa mtaa zikafika mpaka kwetu, na mimi msomi nikajikuta nagonga mlango na mwiko.

VITU UNAHITAJI KABLA YA KUANZA

Penseli mbili, HB ya kuchora na 2B ya kutia giza. Raba nzuri isiyochafua. Karatasi A4 za kawaida rimu moja, usinunue karatasi za bei juu saa hii, utaogopa kuziharibu na ukiogopa karatasi hutachora. Kalamu za wino za ncha nyembamba, 0.1, 0.3 na 0.8 zinatosha. Rula. Daftari dogo la kubeba mfukoni.

Kama unatumia simu, ibisPaint X inafanya kazi vizuri hata kwa simu ya kawaida, na kama una kompyuta basi Krita, ni ya bure na haina mchezo. Stailasi, ile kalamu ya kuchorea kwa skrini, si lazima, najua watu wanachora na kidole na kazi inatoka safi. Kitu cha mwisho ni kitambaa, leso au taulo kuukuu, na kamba ya kuanikia nguo. Usicheke, utaona kazi yake hatua ya nane.

1. Chagua upepo kwanza, pepo baadaye

Hapa ndio wengi wanaharibu mapema. Wanaanza na sura. Sasa sura ya kitu ambacho hujui kinafanya nini utaitoa wapi kama si kwa picha za wengine?

Upepo si mmoja. Kiswahili chenyewe kimekupa nusu ya kazi, upepo ukiwa mwingi unaitwa pepo, na pepo ndilo neno la hao wanaopanda watu kichwani. Watu wa Pwani wana kusi na kaskazi, wana chamchela. Sisi Kisumu upepo wetu una ratiba: mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya huku inapanda, ya ziwani inaingia mjini. Usiku inageuka, nchi inapoa haraka, upepo unatoka mjini kurudi ziwani. Sasa angalia, nyawawa hufukuzwa usiku, wanaelekea ziwani. Upepo wa usiku unaelekea wapi? Ziwani! Nilipoona hivyo nilikaa chini nikacheka peke yangu, hadithi yote ilikuwa imejipanga tu.

Kwa hivyo chagua. Kalausi, ile inazungusha vumbi kwa uwanja kiangazi? Upepo wa mvua unaofika dakika kumi kabla ya mvua yenyewe? Ule unasukuma magugumaji, leo ufuo wa Dunga umefungwa kabisa boti haitoki, kesho unaamka maji meupe gugu limehamia ng'ambo? Huyo wa magugu ni adui mzuri sana wa wavuvi na bado sijaona mtu amemchora.

Wa Nakuru nanyi msilie hamna ziwa lenye nyawawa. Jina la mji wenu linatoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Na juu hapo mna Menengai, mita 2,278, Wakikuyu wanaiita Kirima kia Ngoma, kilima cha mapepo, mvuke unatoka kwa mawe, na kuna historia ya Wamaasai kupigana wenyewe kwa wenyewe hapo karne ya 19 wengine wakatumbukizwa shimoni. Mnataka nini tena.

2. Enda umsikilize mwenye hadithi

Si intaneti. Mtu. Nyanya yangu wa Seme nilimwuliza nyawawa wanakaa aje, akaniangalia kama mjinga. "Nyathina, nani aliwaona? Wanasikika." Hio sentensi moja ilinifanya nitupe michoro ya miezi miwili. Nilikuwa nimewapa meno.

Uliza mambo ya kawaida tu: wanakuja saa ngapi, msimu gani, mlikuwa mnafanya nini wakija, watoto mliwaambia nini. Sisi tuliambiwa ukisikia jina lako linaitwa usiku na hujui nani anaita, usijibu. Andika vile anavyosema, na maneno yake. Akikataa kuongelea kitu, wacha, kuna vitu si vya komiki.

Hapo hapo nimalize mambo ya sheria kwa sababu mtaniuliza. Hadithi ya nyawawa si yangu wala yako, ni ya jamii, na Kenya kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za kijadi. Lakini mchoro wako, jina ulilotunga, maneno uliyoandika, hayo ni yako tangu unapoyaweka kwa karatasi, sheria ya hakimiliki ya 2001 inakulinda mpaka miaka 50 baada ya kufa. Ukitaka cheti cha kumwonyesha mtu, KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, wanasajili.

3. Mwandikie sheria zake, tatu tu

Anataka nini. Hawezi nini. Akitumia nguvu analipa nini.

Pepo asiye na kikomo anachosha. Akiweza kupuliza kila kitu basi ukurasa wa pili amempuliza adui, hadithi imeisha, twende nyumbani. Wazee walijua hii kitu zamani. Lwanda Magere wa Kano, shujaa wa hadithi za Waluo, mwili wa jiwe, mikuki inaruka kama imegonga ukuta, lakini udhaifu wake uko kwa kivuli chake. Bila kivuli hakuna hadithi, kuna jiwe tu.

Nyar Yamo wangu: anataka kufika ziwani, alipotezana na kundi lake usiku watu wa Kondele walipopiga sufuria, akabaki nyuma. Hawezi kustahimili sauti ya chuma, ikigongwa anasambaratika. Na kila akibeba sauti ya mtu kuipeleka mahali, anasahau neno moja la kwao. Umeona? Kila usiku upepo unampeleka ziwani, na kila usiku watu wanampigia bati njiani. Sikuhitaji hata adui wa mapembe.

Onyo: usimpe sheria kumi. Nimeona daftari la mtu lina kurasa 40 za historia ya ufalme wa mawingu na hakuna hata paneli moja, yaani kisanduku kimoja cha picha, imechorwa.

4. Mpimie nguvu kwa ngazi

Mwanajeshi wa maji wa Uingereza, Francis Beaufort, mwaka 1805 alitengeneza ngazi za kupima upepo kwa kuangalia tu vitu unavyofanya, kuanzia 0 mpaka 12. Sisi wachoraji ni kama tulitengenezewa. Mimi nimeibandika kwa ukuta, hivi:

0, moshi wa jiko unapanda wima.
2, kilomita 6 hadi 11 kwa saa, unausikia usoni, majani yanachakarika.
4, kilomita 20 hadi 28, vumbi na makaratasi yanaruka.
6, kilomita 39 hadi 49, matawi makubwa yanayumba, nyaya zinapiga mluzi, mwavuli haushikiki.
8, kilomita 62 hadi 74, vijiti vinakatika mtini, kutembea ukiukabili ni vita.
10, kilomita 89 hadi 102, miti inang'oka.
12, kuanzia 118, wacha tu.

Sasa amua pepo wako siku ya kawaida yuko ngapi, akikasirika anafika ngapi, na akifika hapo anabaki na nini. Nyar Yamo ni 2. Akilia ni 4. Amefika 8 mara moja tu kwa hadithi nzima. Ukianza na 12 ukurasa wa kwanza, wa kumi utachora nini? Na kila paneli kabla ya kuchora naandika namba ndogo pembeni, kwa penseli, basi kama ni 4 najua vumbi linaruka lakini matawi makubwa yametulia. Hii peke yake itaondoa ile shida ya nywele zinapepea kama kuna dhoruba na nyuma nguo za kwa kamba zimelala kimya.

5. Mwili wake ni wa nini?

Upepo hauna rangi. Hauna ngozi. Kinachoonekana ni kile umebeba. Hii ndio siri yote ya hii kazi na kama utachukua kitu kimoja hapa chukua hiki: usimchore upepo, chora mzigo wake.

Kwa hivyo jiulize, upepo wa kwenu unabeba nini? Dunga unabeba magamba ya omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa kwa nyavu, harufu, matone ya maji. Kibuye ni makaratasi, maganda ya njugu, nyuzi za mitumba. Mumias ni majivu meusi ya miwa iliyochomwa, yale yanaangukia nguo nyeupe umetoka tu kufua. Kakamega msituni ni majani. Nakuru ni vumbi. Mwili wa Nyar Yamo unabadilika akihama, mjini ni wa risiti na vumbi, ufuoni ni wa magamba yanayong'aa mwezi ukimpiga, na ile sura ya magamba ndiyo watu waliipenda kuliko zote na haikunigharimu akili yoyote, nilitembea tu asubuhi nikaangalia chini.

Toleo la kwanza nilikuwa nimemjaza majuala yanapeperuka. Binamu yangu akasoma akauliza, hii ni mwaka gani, si juala zilipigwa marufuku 2017? Nikafuta kurasa sita. Angalieni vitu kama hivyo.

Ukitaka kuona vile wa kale walifanya, tafuta picha za watatu hawa. Pazuzu wa Mesopotamia, mfalme wa pepo wabaya wa upepo, kuna sanamu yake ndogo ya shaba kwa makumbusho ya Louvre, Paris, uso kama wa mbwa, mabawa manne, kucha za ndege, mkia wa nge. Mbaya wa sura kabisa, lakini wajawazito walivaa kichwa chake kama hirizi ili amfukuze Lamashtu, pepo mwingine mbaya zaidi. Mbaya anayekulinda, hapo tu kuna komiki nzima. Wa pili Fujin wa Japani, amebeba mfuko mkubwa wa upepo mabegani, ukimwona tu unajua kazi yake. Wa tatu Oya wa Wayoruba, upepo na dhoruba ni zake, na mto Niger pia. Angalia akili yao, usiibe nguo zao. Mfuko ni wa Fujin, mwachie.

6. Alama za kumtambua

Ukibadilisha mwili kila mara, msomaji atamjuaje? Mpe vitu vitatu visivyobadilika. Wangu ana leso iliyofungwa fundo bega la kushoto, hana sikio la kulia, na macho yake ni mashimo mawili matupu, unaona kitu kilicho nyuma yake kupitia hapo. Basi. Awe wa vumbi, awe wa matone, unamjua.

Halafu mjaze mweusi tititi, kivuli kitupu, mpe mtoto wa jirani amwangalie kutoka mwisho wa chumba. Akisema "mama amesimama", rudi kazini. Wangu mara ya kwanza aliitwa mti wa krismasi.

7. Karatasi ya mhusika

Karatasi moja A4: mbele, upande, nyuma, nyuso tano, mikono miwili. Pima urefu kwa vichwa, mtu mzima wa komiki ni vichwa saba hadi nane, mtoto vinne au vitano. Pepo unaweza kumvuta mpaka tisa akiwa ametulia na kumkunja akiogopa, lakini andika hizo namba. Hii hatua haina utamu na kila mtu anairuka, halafu ukurasa wa tano mhusika ana shingo nyingine.

8. Sasa kuchora upepo wenyewe

Toa ile leso, ning'iniza kwa kamba nje saa tisa mchana upepo wa ziwa ukiwa umeingia. Kaa. Chora mara ishirini, kila mara sekunde thelathini. Utaona vitu ambavyo hakuna video itakufundisha. Kitambaa kina mahali kimeshikwa na mahali kiko huru, mikunjo yote inaanzia pale kimeshikwa, inatawanyika kama vidole. Ncha inachelewa. Mwili wa kitambaa ukiwa tayari unashuka, ncha bado inapanda. Nywele ni vilevile, mizizi inasonga kwanza, ncha inafuata baadaye, ukichora nywele zote zimeelekea sawasawa kama ufagio basi si upepo huo, ni jeli.

Sasa mambo ya paneli.

Mwelekeo mmoja. Kabla ya kuchora chochote weka mshale mdogo pembeni ya paneli, upepo unatoka wapi. Nywele, nguo, moshi, nyasi, bendera, vyote vitii mshale. Hili ndilo kosa namba moja, naliona kila mara, nywele zinaenda kushoto, sketi kulia, moshi wa nyuma umesimama kama askari.

Tumia macho ya msomaji. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hivyo upepo ukivuma kwenda kulia unamsukuma msomaji, kila kitu kinaharakisha. Ukivuma kwenda kushoto unampinga, anahisi uzito hata kama hajui ni kwa nini. Nyar Yamo akisafiri anaenda kulia, watu wakimfukuza wanampiga kutoka kulia. Ujanja mdogo lakini unafanya kazi.

Usizungushie upepo mstari. Mstari mzito kuzunguka upepo unaufanya uwe nyoka. Tumia vitu vidogo: vikaribu viwe vikubwa na vichache, vya mbali viwe vidogo na vingi, na vielekee njia moja ya mkunjo. Jani moja kubwa karibu na macho ya msomaji linafanya kazi kuliko mistari hamsini. Kama lazima uchore mistari, iwe inaanza nyembamba, inanenepa, inaisha nyembamba, na iwe na mapengo.

Acha kitu kimoja kimetulia. Watu wanasahau hii sana. Kila kitu kikiruka, hakuna kinachoruka. Ng'ombe amesimama anatafuna, na nyuma yake mabati yanapepea, hapo upepo unaonekana. Mwenye bodaboda anashika kofia kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine anaendelea kuongea tu.

Mwisho, onyesha upepo kabla haujafika. Paneli moja kimya: kuku wanakimbilia nyumba, mama anaangalia juu, anaanza kutoa nguo kwa kamba. Msomaji wa huku anajua kinachokuja, hujachora upepo hata kidogo na tayari ana baridi.

9. Ukurasa wa kwanza

Chora vijipicha kwanza, ukubwa wa kiberiti, ukurasa mzima kwa dakika mbili, fanya vinne uchague kimoja. Paneli nne hadi sita kwa ukurasa zinatosha. Mhusika wako asionekane mpaka paneli ya mwisho, sisi tusikie kwanza. Hiyo nimejifunza kwa nyanya yangu.

Kama ni ya kuchapisha, A5 ni saizi nzuri, inatoka kwa A4 iliyokunjwa. Faili iwe 300 dpi (nukta kwa inchi), yaani pikseli 1748 kwa 2480, na uache milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na maneno yakae ndani mbali na ukingo. Mimi nilipeleka bila hizo tatu kwa duka moja la kuchapa mjini, wakakata, nikarudishiwa vitabu 30 ambavyo baluni (yale mapovu ya maneno) zote za kushoto hazina herufi ya kwanza. Nyar Yamo akawa anaongea kama ana kigugumizi.

Kama ni ya kusoma kwa simu kwenda chini, upana pikseli 800, chora kwa 1600 halafu upunguze. Na kwa simu upepo unapenda kushuka, acha nafasi tupu ndefu kati ya paneli na jani moja linaanguka, msomaji anascroli nalo, tamu sana.

10. Maneno na sauti

Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Hawatakusikiliza" ni neno moja na limeshamaliza baluni. Kwa hivyo baluni zako ziwe pana kuliko zile unaona kwa komiki za Marekani, maneno yasizidi kama 20 kwa moja, na ukilazimika kukata neno kata kwa silabi, hawata-kusikiliza, si hawatak-usikiliza. Andika maneno kwanza ndipo uzungushie baluni. Ukianza na baluni utabana herufi mpaka zisisomeke.

Fonti yoyote itakubali Kiswahili maana hatuna alama juu ya herufi, lakini jaribu neno ng'ombe kwanza. Fonti zingine za bure hazina ile alama ya ng' au inatokea kama sanduku.

Sauti tunazo zetu, zitumie. Upepo vuuu, fyuuu kwa tundu la mlango. Bati kwachakwacha. Sufuria kang' kang' kang'. Mlango puu! Sauti iwe sehemu ya mchoro, ipinde kufuata mshale wako wa upepo. Za sufuria mimi huchora kwa herufi nene zenye pembe na zinamkata Nyar Yamo kabisa, herufi inapita mwilini mwake na pale ilipopita hayupo.

11. Wino, rangi, na kuhifadhi

Wino: 0.8 kwa vitu vya karibu, 0.3 kwa mhusika, 0.1 kwa vumbi na vya mbali. Rangi usizidishe tatu kwa ukurasa mwanzoni. Geuza ukurasa uwe mweusi na mweupe uone kama bado unasomeka, maana watu watapiga fotokopi, utake usitake. Kwa programu, weka vumbi na majani kwa leya (tabaka) yao, mbali na mhusika, utaweza kusogeza upepo bila kumchora upya.

Hifadhi mahali pawili. Simu yangu ilianguka majini pale Dunga na kurasa 11. Sitaki kuongea zaidi.

IKIKWAMA

"Anafanana na mzimu wa kawaida." Ameelea tu, hagusi kitu. Mfanye ashike, asukume, apindue kitu kila paneli anayoonekana. Mzimu hauanguishi sahani ya omena.

"Anafanana na moshi." Umetumia mistari laini pekee. Ongeza vitu vyenye kona, risiti, vijiti, magamba.

"Anapotea kwa picha yenye vitu vingi." Safisha nyuma yake, acha nyeupe kumzunguka kama upana wa kidole, au mweke mbele ya anga.

"Upepo hauonekani una nguvu." Angalia miguu ya watu. Mtu anayepigana na upepo wa 8 anainama mbele, kisigino kimoja kiko juu, na nguo imeng'ang'ania mwili upande upepo unatoka. Wengi wanachora nguo inapepea nyuma lakini mtu amesimama wima kama yuko kwa foleni ya benki.

"Nimechora kurasa tatu nimeishiwa hadithi." Rudi hatua ya tatu, hajataka kitu cha kutosha. Au anataka kitu kikubwa mno, kuokoa dunia na nini. Mpe kitu kidogo, afike ziwani kabla ya alfajiri.

"Mama amesema naita mapepo nyumbani." Hii naulizwa kuliko zote, na si ya kucheka, nyumba zingine ni shida kweli. Usibishane. Mimi nilimpa mama kurasa nane asome, nikamwuliza ni wapi nimekosea. Alisoma yote, hakusema neno juu ya mapepo, akaniambia tu huyo mama wa paneli ya tatu anashikilia sufuria vibaya, ukitaka ilie unashika kwa sikio moja inaning'inia, unagonga chini. Nikachora upya.